Shimo la Mungu Newala lilitokana na nini?

Mnewala_halisi: Wakuu heshima mbele. Juzi nimepeleka wageni wa kutoka Dar pale Shimo la Mungu, mmoja kaniuliza hili shimo ni volkano au kimondo kiliangukia hapa, nikabaki nacheka tu. Wazee wa kijiweni wanasema ardhi ilititia. Mwenye kujua jiolojia atupe shule.

mzee wa miamba: Volkano hamna mkuu. Siku nyingine ukifika uangalie ule ukuta, ni mchanga ulioshikana tabaka juu ya tabaka, ukikwangua na kisu unakubomokea mkononi. Ulirundikwa na maji enzi za dinosaria huko, na baadae nchi ikainuka. Na kiukweli si shimo, ni ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde, ndo maana mbele yako huoni ukuta wa pili, unaona bonde linashuka mpaka Ruvuma na ng'ambo Msumbiji. Mvua na makorongo vinautafuna huo ukingo kidogo kidogo, ukingo unarudi nyuma bonde linatanuka.

Dada Korosho: sasa kaka kama ni kazi ya maji mbona juu huku maji hatuna?? sisi tumelelewa na maji ya kuvuna kwenye bati, na bibi zetu walikuwa wanashuka bondeni alfajiri wanapanda na mtungi kichwani

mzee wa miamba: Hapo ndo penyewe dada. Mchanga haushiki maji, mvua ikinyesha inazama moja kwa moja chini mpaka ikutane na tabaka la mfinyanzi, haipiti tena, inatafuta pa kutokea ubavuni au chini ya mteremko. Ndo hizo chemchemi za bibi. Na ndo maana mradi wa maji wa Makonde visima vyake viko bondeni huko Mitema, maji yanasukumwa na pampu kupanda juu. Halafu chemchemi hiyohiyo inachimba mchanga kwa chini, wa juu unakosa pa kuegemea unaporomoka, kwahiyo masika msiwasogeze wageni ukingoni kupiga selfi.

chinga_one: Na yale majabali ya Masasi je, nayo mchanga?

mzee wa miamba: Hayo ni mwamba mgumu uliopikwa chini kabisa ya ardhi, zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, vilaini vya pembeni vimekwisha kuliwa yenyewe yakabaki. Fungua uzi wake nitakuja.