Mume akikopa mtaji wa mke, waandikiane?

Binti Pasua
Assalaam alaykum ndugu zangu. Mke ana meza ya mitumba soko la Memorial, Moshi, mtaji ni wake. Mume anaomba milioni moja na laki mbili aongezee kwenye pikipiki. Mke akitaja kuandikiana, mume anaona haaminiki: watu wanaolala kitanda kimoja wanaandikianaje? Dini inasemaje, na karatasi yenyewe iweje?

Mkazi wa Njoro
Waalaykum salaam dada. Aya ndefu kuliko zote ndani ya Qur'ani, Baqara 282, ni ya deni. Inaagiza liandikwe, dogo au kubwa, na sababu imo humo humo: kuandika kunaondoa shaka. Wanandoa hawakutolewa. Mume aelezwe kwa upole kwamba karatasi inamlinda na yeye. Wanazuoni wengi wanasema kuandika kumependekezwa, si faradhi, na aya ya 283 inaruhusu kuaminiana tu. Lakini hata hapo aliyeaminiwa ameamrishwa arudishe amana.

Kabla ya kalamu, waipe fedha jina. Ugomvi mwingi huanzia hapa, mmoja kakopesha mwenzake kapokea zawadi. Ikiwa mkopo, inarudi ileile 1,200,000. Nyongeza yoyote ya masharti ni riba. Ikiwa hiba, yaani zawadi, mke asije akaidai siku wamekasirikiana. Ikiwa ubia, pikipiki ni ya wote, faida wagawane kwa mafungu baada ya kutoa mafuta na matengenezo, na hasara ifuate mtaji wa kila mmoja. Kumhakikishia mke elfu tano kila siku, pikipiki itembee isitembee, huo si ubia.

Mama wa Mbuyuni
Naongezea kwenye karatasi. Aya inataka anayedaiwa ndiye atamke maneno, kwa hiyo mume aseme mwenyewe, asisomewe. Ziwemo tarehe, majina kamili, kiasi kwa tarakimu na maneno, na marejesho: mfano laki moja kila tarehe 5, miezi 12. "Nitarudisha mambo yakikaa sawa" si tarehe, ndiyo inayozaa manung'uniko. Mashahidi wawe wanaume wawili, au mwanamume mmoja na wanawake wawili, watu wa kutunza siri. Nakala mbili. Fedha ikipita kwenye simu, meseji ya muamala isifutwe.

Mume akikwama, Baqara 280 inasema asubiriwe mpaka apate nafuu. Tarehe mpya iandikwe chini ya ile ya kwanza. Mke akisamehe lote ni sadaka, na Mtume (s.a.w.) alimjibu Zainab, mke wa Ibn Mas'ud, kwamba mke anayempa mumewe ana malipo mawili: ya udugu na ya sadaka.

Binti Pasua
Jazakumullahu khayran. Je, unga na mchele anaonunua mume vihesabiwe kama rejesho?

Mkazi wa Njoro
Hapana dada. Matumizi ya nyumbani ni wajibu wake hata kama mke ana mali. Na kama kuna mahari iliyobaki, iandikwe kama deni la peke yake. Mume akifariki hutolewa kabla mirathi haijagawanywa.