Chipu ya ZN414 haipatikani Luthuli Avenue: niweke nini mahali pake?

Kinda wa Redio (Kasarani)

Habari zenu, mafundi. Ninaunda redio ndogo ya masafa ya kati kwa kufuata mchoro uliomo katika kitabu cha zamani alichoniachia mjomba. Mchoro unataka chipu ya ZN414 inayonasa mawimbi na kuyageuza kuwa sauti, transista ya BC108, kapasita ya kubadilika ya pF (pikofaradi) 500 ya kuchagulia stesheni, na kisikizio cha kristali. Jumamosi nilizunguka Luthuli Avenue yote, hapa Nairobi, nikapanda hadi River Road, na karibu kila duka niliambiwa kwamba vitu hivyo vilikwisha zamani. Muuzaji mmoja alinipa transista ya C945 akisema hazina tofauti. Nimeilehemu mahali pa BC108, na hatua hiyo ya kukuza sauti imekuwa kimya kabisa. Je, nimeiunguza, au haifai?

Fundi wa Umoja

Ndugu Kinda, muuzaji hakukudanganya, ila hakukumalizia habari. BC108 katika saketi hiyo inakuza sauti ndogo tu, kazi ambayo karibu transista yoyote ndogo ya NPN ya silikoni inaiweza: BC547, 2N3904, hata hiyo C945 ambayo sisi huikwangua bure kwenye pawasaplai za kompyuta zilizokufa. Tatizo ni miguu. Ukiitazama C945 upande wake bapa huku miguu ikielekea chini, kutoka kushoto utakuta emita, kolekta, kisha besi. Kwa BC547 ni kolekta, besi, emita. Na kwa 2N3904 ni emita, besi, kolekta. BC108 ni ya kopo la chuma, na kijisikio kilicho ukingoni mwake huonyesha emita. Kwa hiyo umeichomeka besi mahali pa mguu mwingine. Ing'oe, uipime kwa mita ya mafundi (multimeter), kisha uipinde miguu ifuate mchoro. Kwa volti ndogo kama hizo, huenda bado ni nzima.

Kuhusu ZN414, hiyo ilitengenezwa na kampuni ya Ferranti ya Uingereza na uzalishaji wake ulikoma miaka mingi iliyopita. Tafuta TA7642, ambayo nayo ina miguu mitatu na hufanya kazi ileile ya kukuza mawimbi na kuyageuza kuwa sauti. Rezista ya kilo-ohm 100 na kapasita za nF 10 na nF 100 zinazoizunguka ziache zilivyo, lakini miguu yake uithibitishe katika karatasi ya mtengenezaji kabla ya kushika pasi ya kulehemu.

Mama Koili

Naongeza kuhusu kapasita ya kubadilika, kwa sababu hapo ndipo wengi hukwama. Fungua redio ya mfukoni iliyoharibika, utoe ile ya plastiki ya mraba, na uunganishe sehemu zake mbili za AM pamoja. Mara nyingi utapata takriban pF 220. Kwa kuwa hiyo ni chini ya nusu ya pF 500, koili ya mizunguko 55 iliyo katika mchoro wako, ile ya kunasa mawimbi, haitashuka hadi mwisho wa chini wa masafa. Gawanya 500 kwa 220, tafuta kipeuo cha pili cha jibu, kisha uzidishe kwa 55: unahitaji mizunguko kama 83 kwenye kijiti kilekile cha feraiti.

Kisikizio cha kristali usikihangaikie. Weka chipu ya kukuza sauti ya LM386 na spika ndogo. Vile vibao vya bei rahisi vya PAM8403 ninavikwepa katika redio ya AM, kwani hukuza sauti kwa kuwasha na kuzima umeme kwa kasi kubwa, na kelele zake hurudi kwenye koili.

Kinda wa Redio (Kasarani)

Asanteni sana. Nimegeuza miguu ya C945 na imefufuka. TA7642 nimeipata, na koili nimeisuka upya kwa mizunguko 83. Sasa nasikia mluzi mkali kila ninapozungusha kapasita. Je, chipu hii mbadala ndiyo mbovu?

Fundi wa Umoja

Umeipa volti ngapi?

Kinda wa Redio (Kasarani)

Betri mbili za volti 1.5, zimefuatana.

Fundi wa Umoja

Basi chipu haina kosa. Kadiri volti zinavyopanda ndivyo inavyozidi kukuza, hadi inaanza kujisikiliza yenyewe. Ipe betri moja tu. Kwa kuwa LM386 inahitaji angalau volti 4, unaweza kutumia betri ya volti 9 kwa zote mbili: pitisha umeme wa chipu kwenye rezista ya kilo-ohm 2.2, na kutoka hapo hadi hasi uweke dayodi mbili za 1N4148 zikifuatana, zitakazoushikilia karibu na volti 1.3. Waya wa spika uuweke mbali na koili.

Kinda wa Redio (Kasarani)

Mluzi umekwisha. Kumebaki mngurumo unaotoweka nikichomoa chaja ya simu ukutani, kwa hiyo nasikilizia dirishani, chaja ikiwa mezani.