Usukani wa juu au wa chini? Mabega yananiua

kaskazi_rider
Wadau salaam. Nataka kubadilisha usukani wa piki, fundi wa hapa Malindi ako na aina tatu, ule wa juu uliorudi nyuma, ulionyooka, na mfupi wa chini wa spoti. Nikifika Kilifi tu mabega yanawaka na vidole viwili vya mwisho vinaingia ganzi. Nichukue upi? Nalipa Ijumaa.

Mambrui Express
Piki gani? Wewe urefu wako? Unabeba abiria ama mzigo? Bila hayo tutabahatisha tu.

mtu_wa_Ganda
Chukua wa juu kaka. Mgongo wima, viwiko vimekunjika kidogo, uzito unatoka mikononi unakaa kwa kiti. Mimi wa chini sirudii.

Mama Boda MLD
Wa juu sawa lakini kebo za mafuta na klachi jamani, lazima ziwe ndefu!! Kuna fundi alinifungia wa juu akaacha kebo zile zile za zamani, akasema zitafika. Nakata kona Gede kuingia Watamu, mwendo wa pole, abiria nyuma, usukani ulipofika mwisho kebo ya mafuta ikajivuta yenyewe, injini ikanguruma na mkono wangu haujazungusha kitu, tukaingia kwa kibanda cha machungwa. Alhamdulillahi abiria alichubuka goti tu. Ukishafungiwa weka gia huru, washa, geuza kulia na kushoto mpaka mwisho. Mngurumo ukipanda usitoke hapo. Kama breki ya mbele ni diski angalia paipu pia.

kaskazi_rider
Pole sana dada. Piki ni Boxer 150, mimi futi sita na kitu, abiria mmoja na wikendi kreti za soda.

Mambrui Express
Ungesema mapema, kwa urefu huo wa chini sahau. Lakini huo wa juu nao, upepo wa kusi ukivuma ukiwa waelekea Mombasa unakupiga mbele, kifua ni tanga, utajivuta na mikono njia nzima, mabega yale yale. Chukua ulionyooka. Na kabla ya kulipa legeza boliti, zungusha huo ulionao nyuma kidogo, shusha liva za klachi na breki vidole vikae mstari mmoja na mkono. Ganzi ya vidole hivyo viwili ni mshipa wa fahamu unaopita kiganjani upande wa kidole cha mwisho, unauegemea huku piki inatetema.

mtu_wa_Ganda
Kusi ni miezi tu bwana, mgongo ni wa maisha

Spea_Pwani
Usiuziwe ile misukani minene ya milimita 28 katikati, vibano vinavyoshika usukani kwa Boxer ni vya 22. Na krome huku pwani inaliwa na chumvi, inaanzia ndani chini ya gripu huoni.

Mama Boda MLD
Kweli, wanaopiga ruti ya Gongoni kwa mashamba ya chumvi waulize. Mimi napaka grisi.

Spea_Pwani
Grisi inashika mchanga dada, rangi ndiyo dawa.

Mama Boda MLD
Ndani ya bomba utapaka rangi na nini?

kaskazi_rider
Nimeshusha liva leo, kiganja afadhali, mabega bado. Kebo ndefu za Boxer mjini zapatikana wapi?