Zawadi ya harusi kwa rafiki wa Nepal: shanga zenye dhahabu zinamfaa kila bibi harusi?

BintiPangani: Hamjambo wapendwa. Niko Doha, kazini tuko na wadada wa Nepal. Mmoja havui mkufu wake: nyuzi nyingi za shanga ndogo za kijani, na katikati kitu cha dhahabu mfano wa kibomba, kimejaa nakshi. Mwenzake, Msherpa (kabila la milimani) wa Solukhumbu, anaolewa akienda likizo. Tunachanga, nami nilitaka tumnunulie kama ule. Wajuzi nielekezeni kabla hela haijatoka.

MtungaShanga: Dada, subiri kwanza. Mimi natunga shanga Nairobi na niliwahi kuishi Kathmandu. Hicho cha dhahabu huitwa tilhari, na shanga zake huitwa “pote”. Huvaliwa na wake wa dini ya Kihindu, hasa Wabahun na Wachhetri (matabaka ya juu ya Wahindu), na kwa desturi mume akifa mjane huvua shanga hizo za pote. Nisingempa Msherpa hata kidogo. Washerpa ni Wabudha na mapambo yao ni mengine kabisa.

Mke wa Kisherpa utamjua kwa pangden, aproni ya sufu yenye mistari ya rangi, anayoifunga kiunoni juu ya gauni refu. Itazame kwa karibu: ni vipande vitatu vyembamba vilivyoungwa kwa mshono, na mistari ya kipande kimoja haikutani na ya jirani yake. Naipenda mno kazi ile! Shingoni ni marijani nyekundu, feruzi, na zi, yaani akiki zenye michoro kama macho, ambazo mama humrithisha binti. Marijani yenyewe husafirishwa kutoka bahari ya Mediterania; Marco Polo aliandika katika karne ya 13 kwamba watu wa Tibet, asili ya Washerpa, huwavisha marijani wanawake wao na sanamu zao.

AbuNasra: Mtunga, na shanga za pote wananunulia wapi? Nitapita Kathmandu.

MtungaShanga: Nenda Indra Chowk, kaka, kuna soko la pote, na wauzaji wengi ni Waislamu, kazi ya ukoo. Unachagua rangi, wanakutungia ukiwa hapo hapo. Nilifurahi kukuta shanga za Ucheki, nchi ile ile zinakotoka nyingi tunazotungia mikufu ya Kimaasai.

BintiPangani: Asante sana. Basi tumpe marijani na feruzi?

MtungaShanga: Kwa mchango wa wafanyakazi, halisi hamtaziweza, na bandia zimejaa. Chungulia tundu la shanga: iliyotiwa rangi huonyesha weusi au wekundu uliokolea pale ndani. Mimi ningenunua hariri nzuri ya kushonea blauzi, maana ndani ya lile gauni wanavaa blauzi ya mikono mirefu, na mikono hiyo inaonekana yote. Muulizeni rangi ya pangden atakayovaa akishaolewa kwanza, mchukue inayoendana nayo.