Utafiti wa Nancy Andrews: kwa nini vidonge vya chuma havimsaidii kila mgonjwa?

Mwanafunzi wa Maabara:
Ndugu zangu, habari za leo. Ninasomea teknolojia ya maabara za afya, na katika mafunzo ya vitendo nimekutana na wagonjwa waliomeza vidonge vya kuongeza damu kwa miezi kadhaa bila himoglobini yao kupanda. Mwalimu wetu ametushauri tusome kazi za Nancy Andrews, daktari wa watoto na mtafiti wa Marekani. Nimesoma kwamba alipata shahada ya uzamivu katika chuo cha MIT mwaka 1985 na udaktari wa tiba Harvard mwaka 1987, lakini sijaelewa aligundua nini hasa, wala ugunduzi huo unawahusu vipi wagonjwa kama hawa. Naomba mnisaidie.

Daktari wa Damu:
Ndugu mwanafunzi, anza na hesabu ya chuma mwilini. Mtu mzima ana gramu 3 hadi 4. Kila siku utumbo hufyonza miligramu 1 au 2 tu, ilhali uboho unahitaji zaidi ya miligramu 20 ili kutengeneza chembe nyekundu mpya. Kinachobaki hutoka kwenye chembe zilizozeeka na kuvunjwa. Kwa kuwa mwili hauna njia maalumu ya kutoa chuma kilichozidi, udhibiti wake hufanyika pale kinapoingilia, kwenye utumbo mwembamba.

Akiwa katika hospitali ya watoto ya Boston, Andrews na wenzake walichunguza panya wadogo wa maabara wa ukoo uitwao mk, ambao huzaliwa na upungufu mkubwa wa damu, chembe zao zikiwa ndogo na zimepauka. Mwaka 1997 walionyesha kwamba kasoro iko kwenye jeni ya protini inayopitisha chuma, ambayo leo tunaiita DMT1. Mwaka uliofuata walichunguza panya wakubwa wa ukoo wa Belgrade, wenye ugonjwa unaofanana na huo, wakakuta kasoro ile ile mahali pale pale: asidi amino (kijenzi cha protini) ya 185, ambapo asidi amino iitwayo glisini imebadilika kuwa nyingine iitwayo ajinini. Nilipoisoma habari hiyo kwa mara ya kwanza niliirudia mara tatu, kwa sababu wanyama wa aina mbili, waliofugwa mbali na mbali, walikuwa wameonyesha kidole kwenye nukta moja. Protini hiyo hufanya kazi utumboni na pia ndani ya seli zinazokuwa chembe nyekundu. Ndiyo maana hata kuwadunga panya hao chuma hakukuwaponya.

Mkufunzi wa Tiba:
Naomba niongeze, kwa kuwa wagonjwa uliowaona huenda tatizo lao si DMT1. Ini hutoa homoni iitwayo hepsidini, na mwaka 2004 Elizabeta Nemeth, Tomas Ganz na wenzao walionyesha kwamba homoni hiyo huiondoa feroportini, yaani mlango ambao chuma hupitia kutoka kwenye seli kwenda kwenye damu. Maambukizi ya muda mrefu huipandisha hepsidini, hivyo chuma kikafungiwa ndani ya seli hata kama mgonjwa anameza vidonge kwa uaminifu. Miaka miwili kabla ya hapo, Andrews na wenzake walikuwa wamewaeleza wagonjwa wenye vivimbe kwenye ini ambavyo vyenyewe vilitengeneza hepsidini. Vilipoondolewa, damu ilipanda. Kisha mwaka 2008 kundi lake likaonyesha kwamba kasoro katika jeni ya TMPRSS6, ambayo kwa kawaida huizuia hepsidini isizidi, huwafanya baadhi ya watoto wazaliwe na upungufu wa damu usiotibika kwa vidonge, na ambao hata chuma cha kwenye mshipa huusaidia kwa sehemu tu. Kwangu mimi, kazi hii ya mwisho ndiyo inayojibu swali lako kwa karibu zaidi.

Muuguzi wa Pemba:
Sisi huku tumeshuhudia kwamba chuma hakimfai kila mgonjwa. Matokeo ya utafiti uliofanyika Pemba, yaliyochapishwa mwaka 2006, yalionyesha kwamba watoto wa miezi 1 hadi 35 waliopewa chuma na asidi ya foliki bila kupimwa kwanza, mahali penye malaria nyingi, walilazwa au kufariki kwa kiwango kilichozidi cha wenzao kwa takriban asilimia 12. Waliokuwa na upungufu halisi wa chuma, wakapimwa na kutibiwa malaria mapema, walinufaika. Kwa hiyo, mwanangu, ukipima feritini, yaani protini inayoonyesha akiba ya chuma, pima pamoja na CRP, protini ya damu inayoonyesha kama kuna maambukizi, kwa sababu maambukizi huipandisha feritini, na mtoto aliyepungukiwa na chuma akaonekana kwenye karatasi kama ana akiba ya kutosha.