Fulana za Aprili 2: kipande cha pazo au nane iliyolala?

Habari zenu wazazi na walimu. Nimepewa kazi ya fulana za kikundi chetu kwa ajili ya Aprili 2, siku ya usonji duniani. Jana fundi wa Kariakoo kanitumia picha ya sampuli: fulana ya buluu, kifuani kipande kimoja cha pazo, ule mchezo wa kupanga vipande mpaka picha itimie. Sikumwagiza hivyo. Nilimtajia usonji tu, akaingia mtandaoni, akakutana nacho.

Mimi sikitaki. Nieleze kwanza, mawe baadaye.

Kipande hiki kilichorwa Uingereza mwaka 1963 na Gerald Gasson, mzazi aliyekuwa kwenye bodi ya chama kinachoitwa leo National Autistic Society. Ndani yake aliweka mtoto analia. Yaani hali yenyewe fumbo, na mtoto anateseka nayo. Marekani wakakidaka: mwaka 1999 Autism Society wakatoa utepe wa vipande vya rangi rangi, kisha Autism Speaks, iliyoanzishwa 2005 na babu na bibi wa mtoto mwenye usonji, ikaja na kipande cha buluu na kampeni ya kuwasha majengo taa za buluu. Ndiyo buluu iliyomfikia fundi wangu.

Mzazi, babu, bibi. Wenye usonji wenyewe walipoanza kujisemea, wengi walikikataa: sisi si fumbo, na hakuna kipande chetu kilichopotea. Mwaka 2018 hata jarida la kitaaluma liitwalo Autism lilikitoa kwenye jalada lake. Badala yake wengi wao hutumia alama ya wanahisabati ya kitu kisicho na mwisho, nane iliyolala, kwa rangi za upinde wa mvua au kwa dhahabu. Dhahabu kwa sababu alama yake ya kikemia ni Au, herufi mbili za kwanza za neno la Kiingereza la usonji, autism.

Napendekeza nane ya dhahabu. Semeni.

Baba, Mwanza: Dada, nakuheshimu ila hapa tunapishana. Hiyo nane niliwahi kuiona nyuma ya gari nikadhani ni tangazo la miwani. Pazo angalau kuna wanaoijua. Mwaka jana tupo foleni ya hospitali, kijana wangu kaziba masikio anapiga kelele, watu wananiangalia kama nimeshindwa kulea. Nesi akaona beji ya pazo kwenye begi, akatuita ndani, basi. Na kuhusu fumbo: mwanangu ana miaka tisa, hajaniita baba hata siku moja. Nikisema ni fumbo simtukani. Nasema ninachowaza usiku.

Mwalimu wa kitengo maalumu, Morogoro: Za upinde wa mvua zisahauni. Tulibandika moja mlangoni mwa kitengo, haikumaliza siku mbili, mzazi kaja juu anauliza tunawafundisha nini watoto. Tukaibandua. Mnajua rangi zile zinavyosomwa hapa kwetu, kumweleza mtu ataelewa akishamaliza kukasirika. Dhahabu haina kesi. Ila hiyo Au mbona haituhusu? Sisi tunasema usonji, unaanza na u. Mkichapa nane, chini yake andikeni USONJI kwa herufi kubwa, vinginevyo mtakuwa mmevaa mapambo.

Kijana, Nairobi: Mimi nina usonji, nimefika miaka 26. Mzee wa Mwanza, pole kwa ile foleni, lakini naona tunachanganya vitu viwili. Beji iliyokusaidia ni ya kuomba nafasi. Kwa kazi hiyo kuna kamba ya shingoni ya kijani yenye maua ya alizeti, ilianzia uwanja wa ndege wa Gatwick mwaka 2016, kwa yeyote mwenye ulemavu usioonekana. Inamwambia mhudumu "nipe muda", haimtaji mtu ni nani. Nembo ya kifuani inanitaja mimi. Na kama ni fumbo, kwangu fumbo ni matatu, yaani daladala za huku kwetu: muziki juu, taa zinawaka zinazima, na watu wanapiga stori humo ndani kama kawaida. Mimi hushuka vituo viwili kabla nitembee.

Baba, Mwanza: Hiyo ya alizeti sikuijua. Nesi wetu naye hatakuwa anaijua, lakini nimekuelewa, kijana. Mwambie na mama yako salamu.

Mleta mada: Nimerudi. Baada ya maneno ya kijana wa Nairobi nikaona aibu, maana nina mtoto mwenye usonji ndani ya nyumba na sikuwa nimemuuliza. Ana miaka kumi na mbili, anaongea kidogo. Nikamwekea mezani picha ya pazo, ya nane, ya alizeti. Hakuziangalia. Akachukua fulana ya mwaka jana, akakwaruza kwa kucha ile chapa ya kifuani iliyokauka kama plastiki, akasema, "Inauma." Kumbe ndiyo maana hakuivaa tena, na mimi nilidhani ni ukaidi.

Nimempigia fundi. Nane ya dhahabu, USONJI chini yake, zisiwe na lebo shingoni. Kuhusu wino laini unaoingia kwenye uzi anasema upo, ila kila fulana itaongezeka shilingi elfu mbili. Nani anaweza kuchangia tofauti hiyo kabla ya Alhamisi?