Gari likizima njiani usiku, naweza kuwaomba polisi msaada?

MamaSafari:
Wakuu, habari zenu. Juzi usiku natoka safari, mtoto kalala kiti cha nyuma, taa ya betri ikawaka kwenye dashibodi. Mara usukani ukawa mzito, mshale wa joto ukapanda. Nikasogea pembeni, nikazima. Baada ya muda likapita gari la doria, nikabaki nalitazama tu. Niliogopa wangeanza kunikagua, au waniambie wao si mafundi. Nikamsubiri kaka yangu saa mbili nzima gizani. Jamani, kumsaidia aliyekwama ni kazi yao, au ningewasumbua?

TrafikiMstaafu:
Pole sana, dada. Ungewasimamisha. Gari bovu barabarani ni hatari kwa kila anayepita, kwa hiyo linatuhusu. Askari ataegesha nyuma yako akiwa amewasha taa, ataongoza magari, ataita gari la kuvuta, na mahali pakiwa pabaya atawahamisha wewe na mtoto. Kutengeneza usitegemee, hatukusomea ufundi. Nimewahi kumshikia mtu tochi akibadilisha tairi, nimesukuma magari mengi tu, lakini huo ni utu wa askari mwenyewe. Na akiitwa kwenye ajali ataondoka, usimlaumu.

FunduGereji:
Hapo mkanda wa injini umekatika. Magari mengi mkanda mmoja unazungusha alteneta (inayochaji betri), pampu ya maji na pampu ya usukani, ukienda vinakufa vyote pamoja. Hata kubusti betri kusingekufikisha mbali, injini ingechemka. Ulifanya vizuri kuzima. Ila nakuomba, usifungue kamwe mfuniko wa rejeta ikiwa ya moto, maji yanaruka usoni.

Zuhura_K:
Mimi huendesha peke yangu. Akija mtu anajiita askari, nafunga milango, nashusha kioo kidogo, naomba kitambulisho, kisha napiga kituoni kuuliza kama wana doria eneo hilo. Askari wa kweli haudhiki.

TrafikiMstaafu:
Kitambulisho sawa, una haki. Ila kujifungia ndani kwenye barabara ya mwendo kasi sikubaliani nako. Gari lililosimama pembeni hugongwa kutoka nyuma. Kama kuna kingo za chuma, tokeni kwa mlango wa mbali na magari, mkae nyuma ya kingo.

Msafiri77:
Na namba ya dharura je? Pancha tu mtu apige?

TrafikiMstaafu:
Gari likiwa katikati ya njia, au kwenye kona lisipoonekana, piga mara moja. Pancha ukiwa umeegesha salama, piga kwa fundi au bima yako.

MamaSafari:
Asanteni mno. Fundi, ni mkanda kweli, nimeuona leo umekatika na una nyufa kila mahali. Mzee wangu, usiku doria nazisimamishaje?

TrafikiMstaafu:
Washa taa za hazadi, inua boneti, simama pembeni kabisa upunge tochi polepole. Usiingie barabarani kulizuia gari. Boneti iliyoinuliwa tunaijua maana yake.